Stensili, Jukwaa na Ukuta: Maandishi ya Wanafunzi wa Mlimani



Nimeombwa nizungumzie maandishi ya wanafunzi wa vyuo vyetu kama kumbukumbu ya siasa na utamaduni. Mada ni pana, nami nitaifunga kwenye kilima kimoja, Mlimani, Dar es Salaam, kati ya mwaka 1966 na 1990. Makerere na Nairobi nitawapigia hodi tu na kuendelea na safari. Nasema mapema ninachokiamini ili mnibane wakati wa maswali: siasa ya wanafunzi tumeiweka kwenye rafu moja na utamaduni wao kwenye rafu nyingine, na kwa kuzitenga rafu hizo tumeziharibu kumbukumbu zote mbili. Anayesoma rafu ya kwanza peke yake hudhani wanafunzi wa zamani walikuwa hawali, hawachezi, hawapendi wala hawaumizani. Anayesoma ya pili hudhani tamthilia na riwaya zao zilishuka kutoka mawinguni.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana vijana wengi mlioko hapa hamkuiona stensili. Ilikuwa karatasi nyembamba iliyopakwa nta, ikiegemezwa kwenye karatasi ngumu. Mpiga chapa aliiingiza kwenye taipureta, akauondoa utepe wa wino ili meno ya herufi yaikate nta moja kwa moja. Herufi o ikipigwa kwa nguvu mno ilitoboka, na kwenye nakala likatoka duara lililojaa wino. Ukikosea, ulipaka dawa ya kusahihishia kwa brashi ndogo, ukasubiri ikauke, ukapiga tena juu yake. Stensili ilipokamilika ilivishwa kwenye pipa la mashine ya kudurufu, mtu akazungusha mpini, na karatasi zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, za mwanzo zimekolea, za mwisho zinafifia kwa sababu nta huchoka. Kurasa zilipangwa kwa mafungu juu ya meza ndefu, wenzake wakaizunguka meza wakiokota ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mwisho, kisha wakabana kwa pini.

Naieleza kazi hii kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna siasa. Gazeti la kiwandani hupita mikononi mwa mwenye mtambo, mwenye benki na mwenye leseni, na kila mmoja wao ana la kuogopa. Jarida la stensili lilipita mikononi mwa wanafunzi wachache wenye usingizi machoni, basi. Aliyeandika ndiye aliyepiga chapa, ndiye aliyezungusha mpini, na ndiye aliyeuza nakala nje ya ukumbi wa chakula. Umbali kati ya hasira na maandishi ulikuwa usiku mmoja. Hata hivyo karatasi za kudurufia zilikuwa za bei nafuu na hazikutengenezwa zidumu. Hugeuka manjano, hukatika kwenye kona, na pini zikishika kutu huacha alama inayokula herufi. Mchwa na mvua ya masika humalizia kazi.

Sasa tuangalie yaliyoandikwa humo.

Chuo chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi kumi na wachache. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wahitimu wahudumu kwa kipindi fulani na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Hapohapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe na mishahara ya mawaziri wake. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha.

Wanafunzi waliobaki, na wale waliorudi, walikuta chuo kinajiuliza maswali mapya. Novemba 1967 kikaundwa chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF kwa kifupi, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Ofisi za FRELIMO na za vyama vingine vya ukombozi zilikuwa mjini, na wapiganaji walipita mitaani kama watu wa kawaida. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo. Jumapili wanachama wa USARF walikaa darasani kusoma Fanon, Marx na Lenin bila mwalimu wa kuwatungia mtihani.

Siasa yao ilianza kugusa mila za chuo. Kulikuwa na siku iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, wanafunzi wakivaa matambara, wakapanda magari na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za hisani. Mwaka 1968 USARF waliipinga. Kwao, msomi kuvaa matambara kwa mzaha mbele ya mtu asiye na nguo nyingine ilikuwa ni kumkebehi maskini. Ugomvi ulikuwa mkali, na siku hiyo ikaharibika. Mwaka uliofuata, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Nguo zikawa hoja ya taifa. Mwanafunzi wa kike wa Mlimani aliyetaka kupanda basi kwenda Kariakoo alilazimika kufikiria urefu wa sketi yake zaidi kuliko alivyofikiria nadharia ya ubeberu. Nani atasema hapo siasa imeishia wapi na utamaduni umeanzia wapi?

Katika hali hiyo, Novemba 1969, likatoka toleo la kwanza la Cheche. Wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Meghji. Lilitolewa na USARF kwa kushirikiana na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU. Rodney aliandika humo, wanafunzi wakaandika, na mara jarida likaanza kusomwa mbali kuliko wahariri walivyotazamia. Kilichonivutia siku zote katika Cheche ni adabu yake ya kazi: waandishi wake walikwenda kwenye takwimu, kwenye ripoti za mashirika ya umma, kwenye mikataba. Walikataa kuishia kwenye kaulimbiu.

Mfano mkubwa ni toleo maalumu la Septemba 1970, ambalo lote lilikuwa kazi ya Issa Shivji, kijana wa sheria aliyezaliwa Kilosa, juu ya mapambano ya kitabaka yasiyosikika nchini Tanzania. Shivji aliuliza swali ambalo kila mtu aliliona na wachache walithubutu kulitamka: mabenki na viwanda vimetaifishwa mwaka 1967, je, nani anaviendesha? Alifuatilia ubia na mikataba ya usimamizi kati ya mashirika yetu na makampuni ya kigeni, akaonyesha jinsi faida ilivyoendelea kutoka nje ya nchi, na jinsi tabaka jipya la warasimu lilivyokuwa linaota mizizi chini ya bendera ya ujamaa. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House wakaichapa kama kitabu pamoja na maoni ya wasomi wengine. Lakini ilianza kama stensili za wanafunzi, na naomba tusilisahau hilo tunapoitaja leo kwenye orodha za vitabu vya kozi.

Wenye mamlaka walikuwa wanasoma. Tayari Desemba 1969 gazeti la chama, The Nationalist, lilikuwa limetoa tahariri kali dhidi ya hotuba ya Rodney. Novemba 1970, miezi minne tu baada ya chuo kuwa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam, amri ikaja: USARF ivunjwe na Cheche lisitoke tena. Sababu iliyotolewa iligusa jina. Cheche lilifuata majina ya gazeti la Lenin na la Nkrumah, na wakubwa wakasema Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe, haihitaji itikadi ya kuazima. Wanafunzi waliandika tamko la kuaga, wakatii. Januari 1971 tawi la Umoja wa Vijana likaanza kutoa jarida jingine liitwalo MajiMaji, na waandishi wengi walikuwa walewale. Jina la kigeni liliondoka, likaja jina la vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani, vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Ukali haukupungua.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu jina MajiMaji linatupeleka kwenye rafu ya pili.

Mwaka uleule wa 1969, kwenye kilima kilekile, Ebrahim Hussein, kijana wa Kilwa aliyesomea sanaa za maonyesho hapohapo, alichapisha Kinjeketile. Ni tamthilia ya Kiswahili juu ya Maji Maji. Mtu mmoja anatoa neno linalounganisha makabila yaliyokuwa yakichukiana, kisha neno hilo linakua, linamzidi yeye mwenyewe, na hawezi tena kulirudisha mdomoni hata anapoona hatari iliyo mbele. Niambieni, kuna swali gani la kisiasa lililokuwa zito kuliko hilo mwaka 1969? Nchi ilikuwa imetoa neno, ujamaa, na neno lilikuwa linawazidi waliolitoa. Cheche lililiuliza swali hilo kwa majedwali ya faida na hasara. Hussein aliliuliza kwa mganga wa Ngarambe na watu wake, jukwaani, kwa lugha ambayo mpishi wa kafeteria angeielewa tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho.

Na Cheche? Liliandikwa kwa Kiingereza, sehemu kubwa mno yake. Nalisema hili kwa heshima, kwa kuwa nawapenda wale vijana na nimejifunza mengi kwao. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alikuwa ametangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka 1969 Mwalimu mwenyewe alitoa tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Msamiati wa tabaka, unyonyaji na ubepari ulikuwa kwenye magazeti, redioni na kwenye mikutano ya hadhara. Bado jarida lililowatetea wafanyakazi na wakulima halikuweza kusomwa na mfanyakazi wa chuo aliyefagia chumba lilimochapwa. Zipo sababu: masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, wanachama walitoka Uganda, Kenya, Malawi, Sudan na kwingineko, na jarida lilitaka kusemezana na wanamapinduzi wa dunia. Nazikubali sababu zote hizo. Hasara nayo ilikuwepo, na imeendelea hadi leo, kwa kuwa kumbukumbu yetu imeufuata mgawanyiko uleule. Kilichoandikwa kwa Kiingereza tunakiita siasa na kukipeleka kwa wanahistoria. Kilichoandikwa kwa Kiswahili tunakiita fasihi na kukipeleka kwa walimu wa lugha.

Mtazameni Euphrase Kezilahabi. Alisoma Mlimani miaka ileile, akahitimu 1970, na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika, riwaya ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo, akatoka nyumbani kwenda shule na chuo bila silaha yoyote ya moyo, na wanaume wenye vyeo na elimu wakamla nguvu zake hadi akaukatisha uhai wake. Riwaya ilizua kelele, na kwa muda ilizuiwa shuleni. Watu walisema inapotosha maadili. Mimi naisoma kama ripoti juu ya taasisi zetu za elimu, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa bado na vumbi la chuo kwenye viatu. Mhariri wa Cheche na Kezilahabi huenda walipanga foleni moja ya chakula. Kwenye kumbukumbu zetu hawajawahi kukutana.

Ngoja niwapeleke mbali kidogo, kwani jambo hili lina ndugu zake ng'ambo. Marekani kuna vyuo vya jamii, vyuo vya miaka miwili vilivyowekwa karibu na watu, ambavyo mtoto wa fundi au wa mfanyakazi wa bandari aliweza kuingia kwa gharama ndogo. Katika chuo cha namna hiyo, mjini Oakland, California, Huey Newton na Bobby Seale walikutana, wakashiriki harakati za wanafunzi weusi za kudai historia yao ifundishwe, na Oktoba 1966 wakaanzisha chama cha Black Panther. Gazeti la chama hicho lilipotoka mara ya kwanza, Aprili 1967, lilikuwa karatasi za kudurufu, kazi ya mashine kama ile ya Mlimani. Aliyekuja kulipa sura, Emory Douglas, alikuwa amesomea sanaa ya biashara kwenye chuo cha jamii cha San Francisco. Michoro yake ya akina mama waliobeba watoto na bunduki iliwafikia watu ambao makala ndefu zisingewafikia. Na Los Angeles, kwenye chuo kingine cha jamii, Ron Karenga alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kuchaguliwa rais wa wanafunzi. Baadaye alijifunza Kiswahili, na mwaka 1966 akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa, akazipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani.

Karenga na akina Newton waligombana vibaya, na Januari 1969 ugomvi wa vyama vyao uliwaua vijana wawili wa Black Panther katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kambi moja iliambiwa imezama kwenye utamaduni ikasahau siasa, nyingine ikaambiwa kinyume chake. Damu ilimwagika kwenye mpaka uleule ambao sisi tumeuchora kwa rafu za maktaba. Wakati huohuo vijana wa Los Angeles walikuwa wakitamka ujamaa kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani, huku vijana wa Mlimani waliozaliwa nacho wakiujadili ujamaa kwa Kiingereza.

Nirudi Afrika Mashariki. Makerere walitangulia: jarida la Penpoint lilianza 1958 katika Idara ya Kiingereza, na humo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha hadithi fupi zake za mwanzo akiwa mwanafunzi. Lilikuwa jarida la fasihi, lenye adabu, chini ya macho ya wahadhiri. Nairobi mambo yalikuwa ya moto zaidi. Chelagat Mutai, aliyekuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi la University Platform, alifukuzwa chuo, na mwaka 1974 wananchi wa Eldoret Kaskazini wakampeleka bungeni. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mwanafunzi Onyango Oloo alifungwa miaka 5 kwa uchochezi kwa sababu ya insha aliyokuwa ameiandika kwa mkono. Haikuwa imechapwa, haikuwa imesambazwa. Mtu akinambia maandishi ya wanafunzi ni mambo ya kitoto, mimi humtajia kesi hiyo.

Mlimani nako amri ziliendelea. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alikamatwa kwa sababu ya barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, akarudishwa Kenya, na wanafunzi wakasusia masomo. Mwaka 1973 Hirji aliandika katika MajiMaji makala ndefu juu ya elimu ya shule na kudumaa kwa nchi, moja ya kazi bora za uchambuzi wa elimu zilizowahi kutoka hapa. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia wakafukuzwa.

Naja sasa kwenye sehemu ngumu, ambayo wengi wetu wa umri wangu tungependa kuiruka. Pamoja na majarida ya stensili palikuwa na ukuta. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na Mzee Punch: karatasi zilizoandikwa kwa mkono, zenye michoro na kejeli, zilizobandikwa usiku bila jina la mwandishi. Asubuhi watu walikusanyika kuzisoma kabla ya kwenda darasani. Mzee Punch aliwasema viongozi, akawasema wahadhiri walevi, akawasema wanafunzi waliojipendekeza kwa utawala. Wengi walimhesabu mtetezi wao. Kadiri miaka ilivyopita, kejeli zake ziliwageukia wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mwanamume, au aliyevaa hivi, au aliyeonekana na yule, alichorwa ukutani kwa picha za aibu, akatungiwa uongo, akatengwa, na wenzake wakaogopa kuonekana naye wasije wakachorwa wao. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa. Waandishi wanawake wa TAMWA, chama chao kikiwa na umri wa miaka mitatu tu, walilipazia sauti jambo hilo hadi nchi nzima ikasikia, na Mzee Punch akapigwa marufuku.

Tafadhali yawekeni mambo haya pamoja. Mwaka 1969 jarida la siasa la wanafunzi lina mwanamke kwenye bodi ya wahariri watatu, Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye, 2006, atakuwa wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania. Mwaka 1971 riwaya iliyoandikwa na kijana wa kilima hichohicho inaonyesha msichana wa chuo anavyovunjwa. Mwaka 1990 msichana wa kweli anakufa, na ukuta una mkono ndani yake. Sisemi kwamba riwaya ilitabiri. Nasema kwamba maarifa yalikuwepo, kwa Kiswahili, mikononi mwetu, yakakaa kwenye rafu ya fasihi yakisubiri maswali ya mtihani. Na ukatili ulikuwepo, ukaitwa utani, ukaitwa mila ya chuo. Waliokuwa wakichambua ukandamizaji kila Jumapili hawakuuandikia stensili.

Ndiyo maana siridhiki tunapoisimulia Mlimani ya zamani kama kambi ya wanamapinduzi. USARF walikuwa wachache, wao wenyewe walijua. Wengi walitaka shahada, kazi na nyumba. Kilichobaki kwenye makabati ni cha wachache waliokuwa na mashine na nidhamu ya kutunza nakala. Kama si Hirji na wenzake kuweka nakala zao kwa miaka 40 na kukaa chini kuandika kumbukumbu za Cheche, kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010, hata hicho kingebaki tetesi tu. Nawashukuru kwa dhati. Lakini wachezaji dansi, washairi wa mabweni, wahubiri wa vikundi vya sala, wasichana waliovaa wigi Januari 1969, nao walikuwa Mlimani, na hawakuacha stensili.

Nini kifanyike? Nina ombi mahususi kwa wakutubi wetu, na nimelifikiria kwa muda mrefu. Tuache kupanga kumbukumbu za wanafunzi kwa aina ya maandishi, tuzipange kwa mwaka. Sanduku la 1969 liwe na toleo la Cheche, tangazo la onyesho la Kinjeketile, mashairi ya ubao wa matangazo, barua za magazetini juu ya Operesheni Vijana, ratiba ya madarasa ya Jumapili, orodha ya vyakula vya kafeteria, picha za harusi za wahitimu. Mtafiti akifungua sanduku, akute mwaka mzima unamtazama. Atakayetaka Cheche peke yake atalipata, ila itambidi aiguse tamthilia njiani. Faharasa ya kompyuta siku hizi inaweza kumwonyesha kila kitu kwa jina na kwa mada, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Karatasi nyingi hazimo chuoni. Zimo kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda, Moshi, Bukoba, Kampala, Kisumu, Toronto. Wenye masanduku hayo wanazeeka na wengine wametangulia mbele ya haki, na wajukuu hawajui kama karatasi zilizobanwa kwa pini za kutu ni mali. Mwenye shangazi au babu aliyesoma Mlimani amuulize mwezi huu. Na ninyi mnaosoma sasa, matamko ya serikali yenu ya wanafunzi, DARUSO, katuni zenu, sauti mnazotumiana kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa mgomo, vyote vimo kwenye simu ambayo itaibwa Mwenge au kudumbukia kwenye ndoo ya maji. Stensili ilikuwa dhaifu, lakini ilizaa nakala mia kadhaa. Tamko la simu lina maelfu ya wasomaji leo, na likifutwa kwenye simu zao mwakani halina hata nakala moja. Chagueni mtu katika kila kitivo, apewe kazi ya kuchapa na kupeleka maktaba.

Limebaki swali la ukuta, ambalo niliulizwa na mwanafunzi kabla sijapanda hapa: kama mabaki ya Mzee Punch yakipatikana, yawekwe? Ninaamini yawekwe. Tukiyachoma tutabaki na Mlimani safi isiyokuwepo, na watakaokuja watadhani kifo cha 1990 kilitoka hewani. Hata hivyo karatasi zile zilikuwa silaha, na silaha haiwekwi mezani kila mpita njia aishike. Zifungwe kwa muda wa kutosha, majina na sura za waliochorwa zifunikwe kwenye nakala za kusomea, zisiwekwe kamwe mtandaoni. Na uamuzi usifanywe na kamati ya wazee wa kiume kama mimi. Wanawake waliosoma Mlimani miaka ile ya sabini na themanini wengi wako hai. Ni mahakimu, walimu, madaktari, wafanyabiashara, bibi wa wanafunzi walioko humu ukumbini. Waitwe wao kwanza, kabla sanduku halijafunguliwa, na wakisema lisubiri, lisubiri.